Mia na Thelathini

Umbali huu haupimwi kwa hatua.
Kutoka Oni hadi Kutaisi kuna mto Rioni na kona zake,
kuna lori la chumvi lililokwama thelujini;
ruta haijui hayo.
Ruta inauliza jambo moja tu: nimwamini nani?

Kilichogusana nayo mwili kwa mwili, sifuri.
Kilichoandikwa kwa mkono wa mtu, moja.
Majirani wanaosalimiana kila sekunde kumi,
wakichora ramani pamoja, wakiifuta, wakiichora,
hao ni mia na kumi.
Namba ikipanda, imani inashuka.
Wa mbali angoje wa karibu anyamaze.

Na wa karibu, usiku ule, alikuwa Ucha.

Si Ucha mwenyewe. Ucha amestaafu,
yuko kwake anachuja divai, magoti yamemwisha.
Ni mstari wake mmoja, alioupiga kwa vidole viwili
majira ya baridi nilipokuwa bado shuleni:
ya Kutaisi yote, pitishia mnarani.
Akahifadhi, akavaa kofia, akaenda kula.

Sasa barafu imevunja antena kule juu mlimani.
Lakini kisanduku chini ya mnara kina umeme,
taa yake ya kijani inapepesa kama jicho la mlevi
asemaye nipo, nipo,
na ruta inamwamini.
Inazibeba pakiti moja moja, kwa heshima zote,
inazitumbukiza shimoni.
Picha ya kifua cha mtoto imetumwa mara saba.
Mara saba Kutaisi haijapokea kitu.

Majirani wanaita: pitieni kwetu, Ambrolauri,
waya mpya, uko chini ya ardhi, mzima!
Ruta inasikia. Inaandika hata pembeni.
Haifuati.

Nilisimama mbele ya kabati la chuma, makoti mawili mwilini,
nikaona aibu kwa niaba yake.
Kisha nikacheka, maana ilikuwa nyumba yetu hiyo.
Mama naye ana jedwali lake.
Mimi nimfungaye viatu, nijuaye kidonge kipi cha asubuhi,
nikimwambia bomba litapasuka
ananisikia kama redio ya jirani.
Kaka Badri apige simu kutoka Poznan,
miaka tisa hajaliona bomba hilo:
"Badri kasema halipasuki."
Lilipasuka Jumanne.
Fimbo ya mbali haiui nyoka, walisema wahenga.
Hawakumjua Mama.

Nikampigia Ucha. Saa tisa usiku,
akapokea mlio wa kwanza.
"Ufute," akasema. "Mstari wa mzee huo. Ufute."
Nyuma ya sauti yake kitu kilikuwa kikitona ndooni.

Sikuufuta.
Niliurudia herufi kwa herufi, kama alivyouandika,
na mwishoni nikaongeza namba: mia na thelathini.
Nyuma ya majirani. Si nje ya mlango.

Njia ya Ambrolauri ikapanda jedwalini,
ya Ucha ikatoweka machoni.
Sisi mafundi husema inaelea.
Ukiona vyaelea, vimeundwa;
hiki hukioni, na kimeundwa vilevile.
Siku sururu ya mtu itakapoukata waya bondeni,
majirani wote wakanyamaza,
itainuka yenyewe bila kuitwa,
mradi mtu awe amepanda mlimani kutengeneza antena.
Hilo halina amri ya kuandika. Hilo linataka buti.

Mara ya nane picha ikafika.
Ukungu mdogo, pafu la kushoto.
Daktari wa Kutaisi akajibu mistari miwili.

Alfajiri nilimkuta Mama dirishani.
"Badri kapiga. Anasema theluji imekoma."
Nje ilikuwa ikianguka, mabonge kama pamba.
Nikapiga magoti kumvalisha soksi,
nikajiuliza ni kwenye skrini gani, kwa amri ipi,
mtu humsogeza mwana wa kwanza
hadi mia na thelathini
bila kumfuta.