Mishale Iliyokwama

Karakana yangu iko nyuma ya kinu cha unga, Nakuru,
ng'ambo ya reli, upande ambao vumbi jeupe ni la aina mbili:
la mahindi mwaka mzima, la magadi ya ziwa wakati wa kiangazi.
Nanyoosha mabati. Miaka ishirini na mitatu nanyoosha mabati,
na sijawahi kumpokea mtu aliyekuwa anakimbiza gari.

Mwalimu Barmasai alikuja na bampa kwapani kama gazeti:
"Nilikuwa nakwenda polepole tu, Fundi. Themanini."
Pale Ngata. Kwenye kibao cha hamsini. Penye shule.
Nyaboke wa duka la dawa:
"Barabara ilikuwa tupu,"
kana kwamba utupu ni ruhusa.
Pasta Wafubwa hakutaja mwendo kabisa. Alimtaja shetani.
Na yule kijana wa benki, shati limepigwa pasi, mkono umefungwa bandeji:
"Gari kama hili ukiliendesha chini ya mia, linachoka."

Nami nasema ndiyo, ndiyo, pole sana.
Wakishaondoka nafungua dashibodi.
Gari likipigwa kwa nguvu, umeme hukatika ghafla,
na mara nyingine mshale wa mwendo hushindwa kurudi kwao, sufuri.
Hubaki palepale uliposikia kishindo.
Mia na kumi.
Mia na ishirini na sita.
Shetani wa pasta alikuwa kwenye mia na thelathini na nane.

Ninavyo vipimo kumi na vinne, nimevitundika juu ya benchi
kama zile saa za hotelini zinazoonyesha nchi za mbali.
Githaiga, kijana wangu wa kazi, anaviita kwaya.
Siku akipiga nyundo kwa hasira vyote hutetemeka,
ila mishale haisogei.

Tusidanganyane, hili tumekubaliana sote.
Nenda Salgaa uone madereva wanavyomulikiana taa,
mara mbili, upesi, mtu usiyemjua wala hatakujua,
anakuonya kwamba askari wako nyuma ya kona na ile mashine yao.
Nawe unapunguza, unapita kwa madaha kama bibi harusi,
unapunga mkono, asante ndugu,
kilomita moja mbele mguu umerudi ulikokuwa.
Sijauona udugu huo siku ya kuchangia ada ya yatima.
Na anayeshika hamsini yake hupigiwa honi,
huulizwa kama gari ni la kuazima au amebeba mayai.

*Haraka haraka haina baraka*:
nimeibandua kwenye kioo cha nyuma kilichopasuka,
herufi moja moja, kwa wembe.

Mimi je?
Usiku ule uchungu ulimshika Nafuna tukiwa matangani, juu ya Njoro.
Nilichukua pikapu ya mteja. Sikumwomba.
Niliteremka na giza lile mpaka hospitalini,
na mtoto akalia kabla mhudumu hajapata glavu ya pili.
Kila sherehe shemeji zangu huisimulia: "Fundi alipaa!"
Nami huongeza chumvi penye kona, wageni wakicheka,
binti yangu akicheka, miaka kumi na tisa sasa, anajifunza kuendesha.

Hatusimulii mama aliyejirusha mtaroni.
Nilimwona muda wa kupepesa jicho:
leso, mkono mmoja hewani, mtungi wa plastiki wa manjano
ukibingirika kwenye mwanga wa taa zangu, ukimwaga.
Sikusimama. Sijui alisimama.

Mshale wa pikapu ile ulirudi sufuri taratibu,
kwa adabu, kama haukuona kitu.
Huo sina wa kutundika.

Lakini msumari wa kumi na tano upo.
Githaiga aliniuliza unangoja gari la nani.
Nikamwambia ni wa koti.