Kopo la Biskuti

Ukutani mwa ofisi yetu, hapa Bairiki, vyeti saba.
Vyote vyanitaja mimi, Baraniko, kwamba nimehitimu
usalama wa mtandao: siku tatu, chakula cha mchana juu yao.
Kila mwaka mgeni mpya, shati limemgandia mgongoni,
projekta yake haielewani na umeme wetu,
na somo ni lile lile: nywila iwe ndefu,
usibonyeze usichokijua.
Tunaitikia. Tunapiga picha. Ndege ya Alhamisi inamrudisha.

Teretia hakupewa cheti hata kimoja.
Alikuwa karani wa zamu, mchemsha chai,
akisimama mlangoni na birika na maswali ya kuudhi:
Umeme ukikatika katikati ya kunakili, inakuwaje?
Mradi ukiisha, ulinzi huo ataulipia nani?
Kebo yetu ni moja. Ikikatika, tutamwita nani, na kwa njia gani?
Mgeni akasema hayo yako nje ya mada.

Jumatatu ya mvua, seva ikaamka na barua.
Adabu tupu: Mteja wetu mpendwa.
Dola laki mbili, kabla ya saa sabini na mbili.
Juu ya ukurasa wameweka bendera yetu,
ndege yupo, jua lipo,
bahari wameisahau.
Chini yake vizazi vyetu vyote, ndoa, vifo,
nani ni mtoto wa nani,
vimesagwa vikawa unga wa herufi.

Nje, foleni. Tekaai ana mkataba wa kuchuma tufaha
New Zealand, anataka cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa.
Nikamwambia: kwa leo, ndugu, hujazaliwa.
Hakucheka. Wala mimi sikuwa natania.

Nikapiga namba ya dharura iliyo nyuma ya cheti cha tano.
Ikaita katika mji ambako ilikuwa usiku.
Ya cheti cha sita haitumiki tena.

Teretia keshachomoa nyaya zote, hakumwomba mtu ruhusa.
Akaenda kwao kwa miguu, mvua ile ile,
akarudi amekumbatia kopo la biskuti
lililokazwa kwa mpira wa baiskeli.
Ndani, mchele. Ndani ya mchele, diski.
Kila Ijumaa, miaka minne,
alinakili majina yetu akayalaza penye ukavu,
maana chumvi ya hapa hula hata shaba.
(Kanuni, kifungu cha nne, inakataza kabisa.
Nilikitia saini mimi.)
Nikamuuliza, nani alikufundisha?
Mama, akasema. Ndivyo alivyoitunza picha ya baba.

Siku kumi na moja hazikurudi,
Ijumaa ya mwisho alikuwa mazishini.
Tukazunguka zahanati kwa zahanati na daftari,
tukiwauliza waliojifungua: ulimwita nani?
Wawili walikuwa wamebadili mawazo.

Cheti cha Teretia kilifika mwaka uliofuata,
jina limekosewa herufi mbili.
Mwenyewe yuko Auckland, analinda benki,
anatuma salamu na picha za theluji aliyoifuata milimani.
Kwenye ripoti wanaandika: kujenga uwezo.
Kweli tumejenga.
Umepanda ndege.

Siku hizi chai nachemsha mimi.
Ijumaa wanakuja Rotia na Mikaere, wa kidato cha tano,
tunanakili, tunafunga, tunaandika tarehe kwa kalamu ya risasi.
Kopo sasa ni mawili, moja linavuka kwenda kisiwa cha pili.
Vyeti nimevishusha, fremu zake
zimefaa kuzibia dirisha la chumba cha seva.

Juzi Rotia alikaza mpira, akasita,
mkono bado juu ya kifuniko:
Na bahari ikiingia humu?
Nilitaka kumwambia hilo liko nje ya mada.
Nikafungua daftari jipya,
nikaliandika, swali lake, ukurasa wa kwanza.