Karanga Kumi na Nne

Mke wangu alinihesabia karanga kumi na nne,
akazitia kwenye kikombe cha bati, akakiacha kizingitini:
"Kila jua likizama, toa moja. Zikiisha, rudi ndani."
Chumba chenyewe ni cha mbuzi. Wao wamehamia uani,
nami nimerithi harufu yao na dirisha la kiganja kimoja
linalotazama njia ya Mvumi.

Mimi ni utingo. Nimetoka Tunduma na lori la mchele
na dereva Chilewa, aliyekohoa toka Makambako hadi Mtera
akisema ni vumbi. Nami nikasema ni vumbi.
Neno jepesi, vumbi. Huku kwetu nani atalibishia?

Chakula huwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa,
hatua nane kutoka mlangoni. Nyemo ndiye aliyezipima,
kwa miguu yake ya miaka mitano,
hivyo kwangu ni nne.
Ugali wa uwele, mlenda. Uzi wa mlenda unanining'inia kidevuni
na hakuna wa kunicheka.
"Mbukwenyi!" Wapitao husalimu ukuta.
Naitikia. Wanasikia ukuta.

Usiku namuwaza Mama Mbeleje wa stendi, wa mayai ya kuchemsha:
nililowesha kidole kwa ulimi, nikahesabu noti, nikampa.
Naye akalowesha chake, akahakikisha.
Chenji akaniwekea kiganjani, tukacheka jambo,
jambo gani, nimesahau.
Namba yake sina.
Nani huhifadhi namba ya muuza mayai?

Siku ya tisa, saa nane za usiku, njaa ikanishika
nikala siku tatu.
Zilikuwa tamu, sikatai. Nilitafuna nimeziba mdomo
kama mwizi aliyejiibia.

Asubuhi kikombe kina mbili.
Hakuna aliyeona. Mke wangu hesabu kaniachia mwenyewe;
Nyemo, hesabu ya kutoa hajaifikia.
Keshokutwa ningetoka, ningembeba begani,
na homa, kama ipo,
ingetoka nami bila kupiga hodi kwa mtu.

Nimemwita dirishani. "Usisogee. Kamwambie mama
baba amekula siku tatu. Alete nyingine."
Akacheka mpaka akakaa chini.

Zikaja zikirushwa: ya kwanza ikagonga ukuta, ikaingia,
ya pili nikaidaka,
ya tatu akaiwahi mbuzi.

"Rusha tena," nikasema.