Dakika Thelathini na Nane

Ijumaa saa sita adhuhuri ndiyo mwisho.
Jerotich wa ofisi ya wafanyakazi ameleta fomu:
tia alama hapa kama unataka kubaki na meza,
tia alama pale kama utafanyia kazi popote ulipo.
Popote. Neno jepesi hilo.
Utadhani huko popote hakuna mama,
utadhani huko popote hakuna bei ya nyanya.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya stima.
Hapa Imara Daima, chumba kimoja na roshani ya kuanikia soksi:
elfu kumi na nne, na maji ni Jumanne na Ijumaa,
yakikumbuka.
Kule Mgange kodi ni sifuri,
maji yanashuka mlimani bila kuombwa,
na parachichi huanguka usiku juu ya mabati, pu,
kama mgeni anayebisha asiye na haraka.

Mwezi wa nane nilijaribu.
Mtandao ulishika mahali pamoja tu, ukutani mwa zizi.
Nikaweka kipakatalishi juu ya pipa la molasi,
nikaanza kazi yangu, fidia za magari yaliyogongana:
bampa, taa, milango iliyokunjika kama karatasi ya maandazi.
Meneja akauliza, "Nani huyo analia?"
Nikasema ni ng'ombe.
Wakacheka watu kumi na mmoja,
kila mmoja ndani ya kisanduku chake.

Mama hakucheka.
Alinitazama siku tatu nikizungumza na kioo,
siku ya nne akashusha sauti:
"Mghoi mwanangu, walikufuta kazi lini?"
Na majirani wakaanza kuniletea ndizi,
zile ndizi wanazopelekewa wafiwa.

Lakini usiku! Usiku wa kule una giza la kweli,
nililala kama jiwe la kusagia.
Hapa bango la rangi za nyumba
huniingilia dirishani, likanipaka nyekundu, likanipaka kijani,
na Awinja wa ukuta wa pili namjua kwa kikohozi,
na kwa vitunguu vyake vinavyoungua kila akipigiwa simu.
Nilipougua ni yeye aliyegonga, na uji, hakuingia.
Sijawahi kumwona ameketi.

Basi ni nini kinachonishika mkono nisitie alama?
Naona haya kukisema.
Ni treni ya saa kumi na mbili na dakika tano.
Imara Daima, Makadara, kisha stesheni kuu ya Nairobi:
dakika thelathini na nane, ikijikokota hamsini,
ambazo mimi si mtoto wa mtu,
si mfanyakazi wa mtu,
si jirani wa kuazimwa chumvi.
Naegemea dirisha, nahesabu nguo zilizoanikwa kando ya reli:
sare za shule, shuka la maua,
na koti moja la mlinzi
ambalo tangu Januari halijaanuliwa.
Mwenyewe simjui. Nimemfanya ndugu.

Hakuna kisanduku cha hilo kwenye fomu.

Leo Alhamisi. Nyamweya, mtunza nyumba, amepita kudai kodi,
akanikuta na kalamu mdomoni.
"Unahama?"
"Nafikiri."
"Fikiri ukilipa," akasema,
"mwezi wenyewe haufikirii."

Nimelipa.
Fomu iko chini ya sufuria, imepata duara la maji.
Kesho nitapanda ile ya na dakika tano,
nitazame kama koti bado lipo.