Sweta ya Njombe

Tumefika na mabegi manne na barua ya uhamisho.
Godoro limebaki stoo kwa dada Ezelina,
maana nimesema: shule kwanza, nyumba baadaye.
Madalali wa Mwanza hawalielewi hilo.
Wao huanza na vigae, halafu maji, halafu fensi,
nami nauliza, mtoto wa kidato cha tatu atasoma wapi?
Wananitazama kama nimeuliza bei ya mawingu.

Siku ya kwanza, Buhongwa.
Nina daftari, kalamu mbili, maswali kumi na moja.
Walimu wa hisabati wangapi? Matundu ya vyoo mangapi?
Maabara ina ufunguo, na ufunguo una mtu?
Mkuu wa shule ananijibu kwa heshima, anafuta jasho,
ananionyesha ubao wa matokeo:
rangi mpya, matokeo ya miaka mitano nyuma.

Atukuzwe amekaa pembeni na sweta yake ya kijani,
sweta ya Njombe, ya asubuhi za ukungu na viganja kwapani,
ameifunga vifungo vyote
katika joto la saa saba.
"Vua, mwanangu."
"Niko sawa."

Siku ya pili, Igoma.
Darasa moja, watoto tisini na nne.
Nimewahesabu mara mbili kupitia dirishani,
mara ya tatu nikakuta nahesabu visigino.
Mwalimu wa taaluma ananisindikiza hadi getini:
"Mama, shule ni mtoto mwenyewe."
Neno hilo nalijua. Ndilo tulilofarijiwa nalo
mwaka tuliomaliza bila mwalimu wa fizikia.
Siujutii uuguzi, umenilisha, umenileta hata huku.
Ila najua mlango unavyofungwa
kabla hujanyanyua mkono kuugonga.

Sweta bado. Mgongoni imelowa
mchoro kama ramani ya nchi isiyo na jina.
Simwambii kitu. Nanunua maji, tunakunywa chupa moja.

Siku ya tatu tunapanda Nyasaka,
mawe yamebebana mgongoni kama ndugu waliotoka mbali,
na juu ya jiwe la mwisho pimbi watatu
wanaiangalia paredi kama wakaguzi wa wizara.
Kati ya madarasa mawili unaliona ziwa,
kipande tu, upana wa leso.

Mwalimu Nyanzobe hana ubao wa matokeo.
Kabla sijafungua daftari anasema,
"Ziro kumi na saba. Mwaka juzi zilikuwa thelathini na moja."
Kisha, bila karatasi, anaanza kuwataja:
huyu anauza dagaa na mama yake,
huyu anarudia mtihani, wale wawili bado nawatafuta,
huyu amejifungua, nimemwambia kiti chake kipo.
Amefika wa kumi na nne, anasita, anafumba macho,
anampata.
Kalamu yangu haijaandika kitu.

Nageuka kumwonyesha Atukuzwe, hayupo.
Yuko bombani na wasichana wawili.
"Mwadila!" mmoja anamwambia, anamsubiri.
Naye, mtoto huyu ambaye tangu Njombe
ananijibu maneno mawili mawili,
anasema, "Kamwene!"
Wanacheka wote, yeye wa mwisho,
na sweta iko kiunoni, mikono imefungwa fundo.

Usiku, gesti, napiga hesabu.
Kodi ya huko juu, dakika za mteremko,
masika maji yakishuka kati ya mawe yatapita wapi,
michango, makande ya mchana, ziro kumi na saba,
zamu zangu za usiku na mlango atakaoufunga peke yake.
Hesabu haitoki vizuri. Narudia. Haitoki.

"Umeipenda?"
"Kuna joto," anasema, amegeukia ukutani.
Sweta imening'inia kwenye msumari wa mlango.

Nafungua daftari. Swali la kumi na moja,
ambalo sikumsomea mwalimu yeyote,
nalikata kwa mstari mmoja.
Kisha nampigia dalali, saa tatu hii, anisamehe:
huko Nyasaka juu, maji yanatoka mara ngapi kwa wiki?