Stotinki Thelathini

Mpwa wangu Ralitsa alikuja Jumapili na kompyuta yake,
akaiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na sufu,
akasema: Shangazi, duka lisilo na tangazo ni harusi ya gizani.
Nikamwambia nimeshona mifarishi miaka arobaini hapa Gabrovo,
na sijasikia mtu aliyeganda kwa kukosa kuniona.
Hakunisikia. Vijana masikio yao yako vidoleni.

Akanitandazia bidhaa zake kama mchuuzi wa vitambaa:
kuna picha moja, imetulia, haisumbui mtu;
kuna picha tano za kuteleza, unazisukuma kwa kidole
kama anayepekua kabati la mkwewe;
kuna video ya sekunde sita, sindano inaingia, sindano inatoka, basi;
kuna stori, inazaliwa asubuhi na kesho saa hizi imekufa,
na mazishi unalipia wewe.
Kuna kijana wa Sofia mwenye wafuasi elfu tisini,
anataka leva mia tatu na mfarishi wa bure
ili aseme usingizi wake siku hizi ni mtamu.
(Usingizi upi? Macho mekundu kama pilipili ya kukaanga.)
Na kuna lile lililonitia baridi:
mtu akichungulia dukani mara moja, akaondoka bila kununua,
tangazo linamfuata, jikoni, kitandani, msalani,
kama deni.

Hilo la deni nilikataa.
Tukachukua la picha, la kulipia kila anayebofya:
stotinki thelathini kwa mbofyo, leva tatu kwa siku.
Ralitsa akachora duara kwenye ramani, mto Yantra ukapita katikati.

Siku ya kwanza, mibofyo kumi. Nikapika halva.
Siku ya pili, kumi. Ya tatu, kumi,
yote kabla ya saa mbili asubuhi,
na mlangoni hajaingia hata nzi.
Ripoti ikasema: mwanamume, miaka sitini na mitano na zaidi.
Ripoti haina jina,
lakini mimi nina dirisha.

Ng'ambo ya barabara, Gancho, mshona mifarishi kama mimi,
miwani kwenye paji, simu mwisho wa mkono
kama anayesoma kipimajoto cha mgonjwa asiyempenda,
kidole kinapanda, kinashuka.
Moja.
Kinapanda, kinashuka.
Leva zangu tatu zinakwisha kabla chai yake haijapoa.

Miaka kumi na mmoja hatujasalimiana.
Bomba langu la mvua lilimwaga maji chini ya nyumba yake,
kilo thelathini za sufu zikaoza,
naye akaniita jina ambalo hadi leo
nikilitoa moyoni linatoka na uzi.

Ralitsa akasema kuna kitufe cha kuwatenga watu.
Kidole changu kikafika, kikasita.
Mara kumi kila siku!
Marehemu mume wangu hakunitazama mara kumi kwa mwezi.
Huenda anataka kunifilisi.
Huenda anaikagua mishono ya pembeni, ile iliyomshinda tangu ujana.
Nani ajuaye la kidole?

Nikamwambia mtoto: chora duara dogo kuliko yote.
Wanaume watupu. Sitini na mitano kwenda juu. Wapenda mifarishi.
Picha usiweke. Andika:
*Bomba nimelibadilisha tangu Machi. Kahawa ipo.
Usibofye. Bisha hodi.*

Likaruka Jumatatu alfajiri.
Mchana ripoti ikaja: limeonwa na watu kumi na tisa.

Kumi na tisa!
Hadi naandika haya wamebisha wazee wanne,
mmoja na chupa ya rakia, mmoja na bomba lake lililotoboka,
mmoja kiziwi, haelewi kaja kwa nini, ila kahawa anaisifu,
na wa nne ameagiza mfarishi wa watu wawili, na anaishi peke yake.

Gancho bado yuko dirishani,
miwani kwenye paji,
kidole hewani.