Sahihi Haifanani

Fomu imerudi. Sababu, mstari mmoja:
"Sahihi ya mzazi haifanani na ya mwanzo."
Hawajakosea. Haifanani.

Ya mwanzo aliiandika mwaka juzi, Keko,
juu ya ubao wa mninga ambao haujapigwa msasa,
penseli sikioni, kalamu ya kuazima mkononi:
Linus Mbawala, na mkia mrefu chini ya jina
kama mtu anayechora mguu wa kitanda.
Akanirudishia karatasi ina maranda.
"Wakikunyima, waulize
makabati yao aliyatengeneza nani."

Hawakuninyima. Walinipa asilimia arobaini.
Sitini zilizobaki alizibeba yeye,
vitanda sita kwa muhula, mara nyingine saba,
na meza moja ya mchungaji wa Yombo
ambayo mpaka leo haijalipwa.

Kisha Machi. Umeme ulikatika,
naye akawa anachomoa kipande kilichokwama.
Umeme ukarudi bila hodi.
Kidole cha shahada kilikwenda kwanza,
kikafuata cha kati; cha pete kikaning'inia
mpaka Temeke, wakakimalizia.
Kimebaki cha gumba na kile kidogo.
Nimepiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga:
vitano toa vitatu,
mkono wa baba umebaki asilimia arobaini,
sawasawa na mkopo wangu.

Wanasema rufaa hukatwa.
Nyumbani neno hilo tunalizunguka siku hizi.
Mama hakati kitunguu, anakipunguza.
Festo hakati nywele, ananyoa.
Nami nilipoaga asubuhi
nilisema, "Baba, naenda kuomba waniangalie tena."
Akanielewa. Akacheka kidogo.
"Kata, mwanangu. Mimi nimeshakatwa. Wewe kata."

Fomu inataka barua ya mtendaji.
Bi Zamoyoni amegonga muhuri mara mbili,
wa kwanza ulitoka mkavu.
Inataka barua ya daktari: foleni ya saa nne.
Inataka nakala zilizothibitishwa na wakili,
na wakili wa Chang'ombe kaniuliza, bila ubaya,
"Picha ya huo mkono unayo?"
Sina. Na sitaipiga.

Kuna visanduku vya kuweka alama ya vema:
mzazi amefariki; mzazi ana ulemavu; kaya maskini.
Hakuna kisanduku cha mtu ambaye bado
anaamka saa kumi na moja,
anaiweka penseli sikioni,
anakaa.

Jana usiku tuliketi na daftari la Festo la darasa la tano.
Kalamu kati ya gumba na kidogo.
Jina likatoka kubwa kama la mtoto, L ikaanguka,
ule mkia haukuja kabisa.
Ukurasa wa kwanza. Wa pili.
Mama akajifanya anatafuta kitu jikoni.
Wa nne, akaifunga kalamu:
"Inatosha. Hii ndiyo yangu sasa."

Ada iliyobaki ni laki tano na sabini.
Mtihani ni tarehe tisa,
na jina langu, ubaoni kwa mhasibu, lina wino mwekundu.

Kwa hiyo, ndugu mpokea fomu wa dirisha namba tatu,
sina hoja nzuri kuliko kosa mliloliona.
Ziwekeni karatasi mbili pamoja,
ya mwaka juzi na ya jana.
Tazameni mkia wa jina ulivyokuwa.
Tazameni L ilivyoanguka.
Mliomba uthibitisho.
Nimeambatisha.

Na kama meza mnayoandikia ni ya mninga, haitikisiki,
inameni kidogo mchungulie chini yake kabla ya kunijibu.
Yeye huandika jina kwa penseli,
upande usioonekana.